Ufa wa Issack

Issack alikuwa muuza leso wa kawaida karibu na msikiti mjini Bungoma, hadi mwaka 2006 mwenye nyumba wake, Absalom, alipompa notisi ya kuhama kwa kosa la kupasua ukuta wa sebule. Kuanzia siku hiyo Issack akawa wakili. Hakusomea, lakini hilo halikumpunguzia maneno.

"Huo ufa ni wa msingi," aliwaambia wateja. "Nyumba imetitia. Ati mimi nimeupasua na nini, kichwa?"

Akaenda kortini, akapata amri asifukuzwe hadi kesi isikizwe. Absalom, mtu wa Bokoli, naye akala kiapo cha maandishi kwamba ukuta umeharibika hata hautengenezeki tena, sharti mpangaji atoke ubomolewe.

Khadijo, mkewe Issack, hakutaka sheria. Alitaka nyumba. Humo ndimo alimozalia watoto watatu, na baridi ya ule ufa ilikuwa inamkohoza mdogo. Lakini kila akitaja simenti, Issack aling'aka: "Usiguse, Mama Naim. Hicho ni kielelezo." Miezi kumi na moja familia ikala na kielelezo, ikaugua nacho.

Kisha hakimu akasema atakuja kujionea. Siku moja kabla, Issack akaenda Kitale kutafuta mjenzi wa kumtolea ushahidi, akalala huko. Khadijo akaangalia ule ukuta ulioachama, akaona aibu. Mgeni mkubwa namna hii akute hivi? Akamwita Walubengo, fundi wa jirani. Wakaziba, wakapaka rangi.

Asubuhi Issack akafika bila mjenzi, faili kwapani, akaingia pamoja na hakimu na Absalom.

"Ufa uko wapi?" hakimu akauliza.

"Ulikuwa hapa," Absalom akasema, akipapasa.

"Ulikuwepo, mheshimiwa, naapa," Issack akadakia, akimtetea adui yake.

Khadijo akaweka chai mezani. "Tulitengeneza jana," akasema. "Nusu siku tu."

Hakimu akakisoma tena kile kiapo, akamtazama Absalom, na wiki iliyofuata akaifuta notisi.

Issack akatangaza soko zima kwamba ameshinda kwa hoja ya msingi, hoja ambayo hakuna aliyeisikiliza. Nyumbani alinuna siku tatu. Mvua iliporudi, ufa mwembamba ukachungulia palepale, akamkimbilia mkewe uso umemng'aa.

"Si nilisema? Ni msingi, bana."

Khadijo akamkabidhi mwiko wa fundi. "Simenti iko nyuma ya mlango, wakili."