Siwema na Nafasi ya Ufugaji

Siwema binti Jumbe, wa Janga, alikuwa ameomba chuo mara mbili, na mara mbili ameachwa. Kila mwaka kijiji kilipewa nafasi mbili katika chuo cha wananchi upande wa Kisarawe: moja ya ushonaji, moja ya ufugaji. Wasichana wote wa Janga, hata wasioweza kutunga uzi kwenye sindano, waliomba ushonaji. Cherehani ilikuwa na heshima yake. Siwema naye alijitosa humo humo, akiamini wachaguzi wataiona bidii yake. Hawakuiona, bidii haiandikwi usoni.

Mwaka wa sabini na saba mzee Jumbe alisema lake.

"Omba, mwanangu, sikukatazi. Lakini wakikuacha tena, posa ya kwanza itakayobisha hodi naipokea."

Hakuwa mkali. Alikuwa mkulima wa mihogo mwenye mabinti wawili wakubwa nyumbani, na majirani wana midomo.

Siwema hakutaka kuolewa kabla hajajua kazi. Safari hii, kabla ya kujiandikisha, alimwendea katibu wa kijiji, Mwinshehe, akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Shikamoo. Ushonaji wameomba wangapi?"

"Marahaba. Kumi na wanane, na bado wanakuja."

"Na ufugaji?"

Mwinshehe akacheka. "Nani aombe? Huko kuna nguruwe, hujasikia?"

Alikuwa amesikia, kama kila mtu. Hata hivyo akasema, "Basi niandike huko."

Nyumba haikukalika. Mama yake, Biubwa, alilia kama aliyefiwa. Jumbe alikasirika kuliko wote, ila ruhusa alikuwa amekwisha kuitoa, na mtu mzima hali matapishi yake.

Chuoni, siku ya usaili, mkufunzi alimuuliza kwa nini amependa mifugo.

"Sijaipenda bado," alisema Siwema. "Nimependa kusoma, na kwenye cherehani kumejaa."

"Na nguruwe je?"

"Kulisha nitawalisha. Kula, hapana."

Akachukuliwa. Kila zamu yake ya banda la nguruwe ilipokwisha, alijiosha mara saba, moja kwa maji yenye udongo, kama alivyofundishwa madrasa. Wenzake wa bara walimcheka, akawaacha wacheke. Baada ya miaka miwili alirudi Janga, akakabidhiwa mradi wa kuku wa kijiji. Mwanzoni watu walikataa hata chai yake. Mayai yalipoanza kupatikana, walisahau walichokuwa wakikataa.

Ikafika zamu ya Mboni, mdogo wake. Naye alitaka chuo, na baba akampa sharti lile lile: ukiachwa, unaolewa. Mboni akamfuata dada yake bandani.

"Dada, niandike wapi?"

Siwema alikuwa amembana jogoo kwapani, anamchanja kinga ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku. Hakuinua hata uso.

"Ufugaji. Huko hapana watu."

Mboni akaandika ufugaji. Kumbe Janga nzima ilikuwa imeyaona yale mayai. Mwaka ule waombaji wa ufugaji walizidi ishirini. Wa ushonaji walikuwa watano tu, maana vitambaa vilikuwa vimeadimika madukani na cherehani za watu zimefunikwa magunia. Mboni, ambaye kwenye cherehani huenda angepenya, akaachwa. Kabla ya mvua za vuli akaposwa na mtu wa Kongowe, na Jumbe akapokea.

Siku ya harusi Siwema alipeleka kuku wa karamu kutoka bandani. Alimkuta Mboni ameketi mkekani, hina haijakauka miguuni, akapiga magoti mbele yake, machozi yakimlenga.

"Usilie, dada," Mboni akamwambia. "Ulinieleza kama ulivyojua."

Siwema alilia vile vile, kwa uchungu, mbele ya shangazi zake wote. Ofisi ya katibu ilikuwa ng'ambo ya pili ya uwanja, ikitazamana na banda lake. Angeweza kwenda kuuliza wameomba wangapi siku ile ile Mboni alipomfuata bandani, na hakwenda.