Leseni ya Clifford

Mtu wa leseni za televisheni alipobisha kwa Avril Sugden, mtaa mzima ulikuwa umeshajua yuko wapi. Gaynor, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa amepita akigonga madirisha, kama ilivyo desturi yetu pale Brighouse, kaskazini mwa Uingereza. Mtu wa televisheni akionekana kwenye kona ya kanisa, mwenye mdomo mtaani humtangulia, sauti zikapunguzwa, mapazia yakavutwa, na watu wazima wenye wajukuu wakajilaza chini ya madirisha ya sebule zao huku wamebana pumzi. Mwenye televisheni inayowaka hudaiwa leseni kila mwaka, lakini sheria haikulazimishi kumfungulia mkaguzi. Asipoingia haoni, na asipoona hana kesi. Kwetu mtoto hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Avril naye alilijua. Lakini mvua ya Novemba ilikuwa ikimwagika, mtu yule amesimama mlangoni koti limelowa chapachapa, na Avril alilelewa na mama ambaye angeona haya kumwacha hata adui yake alowe kizingitini. Akafungua. "Ingia, utapata mafua," akamwambia, akaenda kutia maji kwenye birika. Sijui kama kuna watu wengine duniani wanaomkaribisha chai mtu aliyekuja kuwapeleka mahakamani, lakini sisi ndio zetu.

Televisheni ilikuwa inawaka sebuleni. Ilikuwa inawaka usiku na mchana, haina sauti, stesheni ileile. Avril hakuwa anaitazama. Alikaa kwenye kiti chake, mgongo nusu umeielekea kama alivyokaa miaka yote, mikono mapajani, na sindano za kufumia zikiwa kapuni na sweta ambalo halijakamilika, limeishia begani. Ukimuuliza jioni siku imepitaje, angekuambia imepita. Siku ilipita, basi.

Miaka yake ya usichana aliimalizia katika kiwanda cha peremende, akifunga tofi kwenye karatasi hadi ncha za vidole zikapoteza hisia. Akaolewa na Clifford, fundi wa kiwanda cha nyaya, mtu mpole asiye na makuu, mwenye mambo mawili tu ambayo hakutaka mtu ayaguse: bustani yake ya vitunguu na rimoti ya televisheni. Rimoti ilikaa juu ya mkono wa kiti chake, imevishwa mfuko wa plastiki isiingie makombo. Avril alitazama alichotazama Clifford. Hakulalamika, wala hakuna aliyemuuliza.

Clifford alikuwa mlipaji. Kila mwaka alilipa leseni siku ileile ilipodaiwa, na kila mwaka aligombana na Gaynor juu ya ua kwa ajili yake. Gaynor alisema ni wizi mtupu, unalazimishwa kulipia vipindi vya watu wa London usivyovitaka. Clifford alisema shule ya mtaa nayo anailipia kwa kodi, na mwanawe alishamaliza shule zamani. Walilipenda lile gombano. Alipotimiza miaka sabini na mitano akaanza kupewa leseni bure, kama wazee wote wa wakati ule, na Gaynor akamwambia sasa hana tena wa kugombana naye.

Ilikuwa Aprili moyo ulipomshika, mashindano ya snuka, ule mchezo wa mipira ya mezani, yakiendelea kwenye televisheni. Watu wa gari la wagonjwa walimtoa kwenye machela, naye akamgeukia mkewe akasema, "Usizime." Hakusema kingine, na hakurudi.

Kwenye mazishi Avril alikata mikate ya nyama kwa ajili ya wageni na hakutoa chozi. Watu wakasema ni jasiri. Watu wetu humpenda sana mjane asiyelia, maana hamsumbui mtu. Lakini huo haukuwa ujasiri. Mahali ambapo huzuni ingekaa palikuwa pamekufa ganzi, na ganzi ikakaa. Mwanawe Russell alikuja kutoka Kanada, akapiga simu zote yeye: benki, kwa daktari, watu wa umeme. Leseni ya televisheni hakuikumbuka kwa kuwa haikuwa na pesa inayotoka. Akarudi zake. Kwa hiyo tangu Aprili Avril alikuwa hajalazimika kumwambia mtu yeyote, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba mumewe amekufa. Waliojua walijua.

Mtu wa leseni aliitwa Oldroyd. Alikuwa na umri wa kama miaka hamsini, mwenye kitambi na adabu zake. Alikunywa chai, akashukuru, akaitazama televisheni, kisha akachomoa kishikwambi chake kwa soni kidogo, kama mgeni anayeomba choo.

"Nyumba hii ilikuwa na leseni ya bure ya Bwana Clifford Sugden," alisema. "Imekwisha Septemba. Tumeandika, hatujapata jibu. Ni mumeo, mama?"

"Ndiye."

"Yupo?"

Avril akafungua mdomo. Kabla hajajibu, mlango wa nyuma ukafunguka na Gaynor akaingia bila hodi, mkononi bakuli tupu.

"Naomba sukari, Avril," alisema. "Eh, kumbe una mgeni." Akamkazia macho Oldroyd. "Kama unamtaka Clifford, amelala juu. Mgongo unamsumbua. Na ukimwamsha utanitambua mimi."

Oldroyd akatazama kiti. Ndara za Clifford zilikuwa chini yake, miwani juu ya dirisha, rimoti katika mfuko wake. Uso ukamlegea kwa nafuu.

"Sina haja ya kumwamsha," alisema. "Mambo ni mepesi basi. Mama, wewe niambie tu kwamba mzee bado anaishi hapa, niguse hapa, nimemaliza. Inakuwa bure kama zamani."

"Si umesikia?" alisema Gaynor. "Mwambie, bibie, akupishe."

Lilikuwa jambo dogo. Ndiyo moja, na televisheni ingeendelea kuwaka, kiti kingebaki cha mwenyewe, na yeye angerudi kwenye siku zake zinazopita tu. Pauni mia na hamsini zingebaki kwenye pochi, na pensheni yake haikuwa ya kuchezea.

"Na kwa mfano," Avril aliuliza, "kama ningekuwa peke yangu?"

"Una miaka mingapi, mama?"

"Sabini na mmoja."

"Ungelipa. Mpaka utimize sabini na mitano."

"Haya, sikia hiyo," alisema Gaynor. "Mtu anafiwa, na bado anaambiwa hajazeeka vya kutosha? Hiyo ndiyo haki yenu? Na huyu hata haitazami! Anaipa mgongo kutwa!"

"Sheria sikuitunga mimi," alisema Oldroyd. "Ikiwaka inalipiwa, hata ukiipa mgongo." Akamgeukia Avril tena, taratibu. "Sasa niandikeje, mama? Anaishi hapa?"

Gaynor alikuwa akimwonyesha kwa kichwa, ndiyo, sema ndiyo.

"Amekufa," alisema Avril.

Oldroyd akakiondoa kidole chake kwenye kishikwambi.

"Alikufa Aprili. Snuka ilikuwa haijaisha. Sijui nani alishinda."

Kisha maumivu yakamwingia. Yalianza taratibu kifuani, kama mguu uliokaliwa muda mrefu damu inapoanza kuurudia, na yakaja kwa nguvu hata akashika ukingo wa meza. Gaynor akaliweka bakuli chini.

"Pole sana, mama," alisema Oldroyd. Akakuna kidevu, akatazama dirishani kwanza kuona mvua, kisha akashusha sauti. "Kwa miezi iliyopita, mimi sijaona kitu. Na iko njia nyingine. Uizime sasa hivi, tuchomoe waya ule wa antena, nami naandika kwamba hapa hapatazamwi televisheni. Hulipi hata peni, na ni halali kabisa."

"Umeona?" Gaynor akadaka. "Mtu wao mwenyewe anakwambia. Izime, Avril. Unalipia nini?"

"Siizimi kwa sababu ya pesa," alisema Avril.

"Lakini huitazami!"

"Aliniambia nisiizime. Niizime leo ili niepuke kulipa, na yeye alilipa maisha yake yote? Angenionaje?"

"Kwa hiyo na wewe unaona ni haki?"

Avril akafikiri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili kufikiria jambo mpaka mwisho wake.

"Hapana," alisema. "Tulikaa wawili chumba hikihiki, yeye bure, na akishaondoka ndipo mimi niuziwe. Si haki hata kidogo. Andika, bwana. Nitalipa kwa mafungu, kila mwezi."

"Kwa jina gani?"

"Avril Sugden. Lake lifute."

Oldroyd akalifuta. Kidole chake kilichukua sekunde moja tu. Akaosha kikombe chake mwenyewe kwenye sinki, akaaga, akatoka mvuani, na mtaa mzima ukamwona akitoka nyumba ya Avril mkavu kuliko alivyoingia. Gaynor naye akaondoka shingo upande, akiguna kwamba walipaji wa nyumba hii hawaponi. Sukari alisahau.

Avril akasimama mbele ya kiti cha mumewe, kisha akakikalia. Kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mumewe, si lake. Akaitoa rimoti kwenye ule mfuko wa plastiki, akaigeuzageuza, akatafuta kitufe kwa sababu hakuwahi kuonyeshwa. Kwenye kioo watu walikuwa wakichekelea sahani za kale. Sasa ilikuwa televisheni yake, imelipiwa, na hakuna aliyemlazimisha.

Akaizima.

Chumba kikawa kimya, akaisikia mvua, akaisikia saa ya ukutani, akaisikia pumzi yake. Kisha akaanza kulia, kwa sauti, na upande wa pili wa ukuta Gaynor akaacha kuosha vyombo.