Nilipita Nikiwa na Alama Kumi na Sita

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma hapa asitegemee mpangilio. Mchezo wa karata unaoitwa briji nilifundishwa Haydom, nyumbani kwa daktari mmoja mgeni niliyekuwa nampikia. Unataka watu wanne, wawili kwa wawili, na wenza wanakaa wakitazamana. Siku moja mtu wa nne alikosekana, nikaitwa kutoka jikoni na unga bado uko mikononi. Muuguzi mmoja naye aliingia mchezoni hivyo hivyo. Daktari alisharudi kwao, ametuachia karata na ugonjwa wa kuzipenda.

Siku hizi tunacheza Jumamosi alasiri kwenye baraza ya mashine ya kusaga ya mkwe wangu, yaani baba wa mume wa binti yangu. Huyo nilimfundisha mwenyewe, na nadhani nilimfundisha sheria kuliko mchezo, maana kwa sheria hana mchezo. Mwenzake ni mwalimu mstaafu. Mwenzangu ni yule mama muuguzi. Pale barazani ukikaa saa moja unanyanyuka mweupe kama mzimu, na mke wangu hana haja ya kuniuliza nimetoka wapi. Lakini hilo si nililotaka kusema.

Kabla ya kucheza kuna mnada, siyo kama wa ng'ombe kule Katesh. Hapa unanadi mizunguko utakayokula, kila mzunguko wote wanne wanatupa karata moja moja na iliyo kubwa inakula. Mtu akisema "bila turufu moja" anaahidi kula mizunguko saba kati ya kumi na tatu, na hakuna aina ya karata inayotawala nyingine. Tena anatangaza kwamba ameshika karata nzito, alama kumi na tano mpaka kumi na saba. Ree ni nne, mfalme tatu, na kushuka, zote pamoja arobaini. Ukiwa umeshika uzito kama wake unasema "dabo", yaani unamwambia hafiki huko, na mwenzako anajua una kitu. Ukisema "napita", anajua huna.

Jumamosi hiyo mkwe alisema bila turufu moja. Zamu ikawa ya mama. Wakati huo huo mwanamke mmoja alikuwa anatoka mashineni na ndoo ya unga kichwani, akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mama yako mguu unaendeleaje?"

Akaelezwa mguu, ukaelezwa wote, na kwetu humkatishi mtu anayekusalimu. Ndipo mama akarudi mezani. "Napita." Mwalimu naye akapita. Nikabaki mimi.

Nilikuwa na alama kumi na sita na kopa sita. Dabo ilikuwa mdomoni. Nikamtazama mkwe, mtu mzima kwangu, ambaye kila Jumamosi namwamkia shikamoo kabla sijavuta kiti, ambaye wajukuu zangu wanaitwa kwa ukoo wake. Nikaona nitamwambiaje mkwe mbele ya watu wanaosubiri unga kwamba hafiki.

"Napita," nikasema.

Kwa hiyo mama, anayeanza kutupa karata, hakutegemea kitu kutoka kwangu. Akaanza na shupaza zake. Angeanza na kopa, mkwe angekwama njiani. Mkwe akala saba zake kamili.

Karata zilipokwisha kila mtu alikuwa ameona nilichoshika. Mwalimu akacheka. "Mzee, ulikuwa unaziatamia hizo?"

Hapo ningeweza kusema nilisinzia. Wazee tunasinzia, nani angekataa? Nikasema neno baya kuliko yote. Nikasema, "Mama alisita kabla ya kupita. Sheria inanizuia kunadi mwenzangu akisita, isije ikaonekana nimeelewa kitu."

Ni sheria ya kweli. Mtu akifikiri sana kisha akapita, amemwambia mwenzake kwamba ana kitu. Lakini mama hakufikiri. Alikuwa anaitikia salamu.

Mkwe akaweka kikombe chini. "Alaa. Kumbe salamu ni ishara. Sasa hata zile za wiki zilizopita tuzihesabu?"

Mama alinitazama, akasubiri. Ameshika dawa za watu maisha yake yote, hajawahi kuambiwa ameiba hata kidonge. Mimi nikaanza kuchanganya karata. Akajifunga kanga yake, akasema ana maharage motoni, akaondoka.

Jumamosi nne hakuja. Ya tano nikamfuata kwake, nikamkuta anachambua mbegu.

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

"Kwangu? Mimi nilikuwepo, najua nilikuwa naulizia mguu wa mtu." Hakunyanyua kichwa. "Wasiojua wako barazani. Wananiita mwizi wa karata, na wanaokuja kusaga wanasikia."

Tukaenda wote, siku ile ile. Sikuketi. Nikasema mbele ya mkwe na mwalimu, na watu wa unga pia, kwamba mama hakusita wala hakuniashiria kitu. Nilipita kwa sababu niliona aibu kumpinga mkwe wangu, na nikamsingizia mama kufunika aibu hiyo.

Mashine ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hakuna ambaye hakusikia. Mkwe akanyanyuka, akamvutia mama kiti kwa mkono wake. "Tusamehe mama. Tulikusema vibaya."

"Yameisha," mama akasema, akaketi.

Nikadhani na kwangu yameisha. Mkwe akanigeukia, na sura yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyepokonywa kitu.

"Mkwe, mimi huwa nikirudi nyumbani namwambia mama watoto, leo nimewashinda waliofundishwa na daktari. Umepita hivyo kwa kunionea aibu mara ngapi?"

"Ni siku ile tu," nikamwambia.

Akaguna, akaonekana kuridhika, akaanza kugawa. Haikuwa siku ile tu. Ni miaka. Na mama, ambaye hukumbuka kila karata iliyopita mezani, alikuwa anapanga zake mkononi polepole, aina kwa aina, na hakuniangalia.