Sabuni Ndani ya Mchele

Kila asubuhi, kabla sijabandika chai, nasuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka. Siuzi mikeka mimi. Nasuka shubiri moja tu, naikagua juu chini, naiweka kando. Nikiona miaa ya mkindu imepishana sawasawa, ndipo napumua. Ni woga huo, na sioni haya kuusema.

Mama yangu ndiye aliyekuwa msusi. Pale kwetu Chumbageni, bibi harusi hakutandikiwa kitanda bila mkeka wake. Miaka ile ya foleni na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, sabuni ilikuwa kitu cha kuota. Mama akiupata mche mmoja wa magendo, aliukata vipande akavizika ndani ya debe la mchele wa shamba letu la Mwera. Msako wa wahujumu ulipopita nyumba kwa nyumba, mimi ndiye niliyekalia lile debe, binti wa miaka kumi na miwili, najifanya nasuka nywele za mwanasesere. Mama alikuwa ameninong'oneza, "Usiinuke, mwanangu, hata wakikupa pipi." Sikuinuka. Nilijikojolea palepale, lakini sikuinuka.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa, sabuni za kila rangi zikapangwa hadi barazani. Mama akaendelea kuficha. Tukimkuta anazika kipande ndani ya mchele tunaangua kicheko, "Mama bado anasakwa!" Siku ya hitima ya baba, ubwabwa ulitoka na harufu ya sabuni, wageni wakaacha sahani zimejaa. Nilimfokea mbele za watu, mimi na mdomo wangu huu. Aliniangalia kama mtoto aliyevunja kikombe, akasema, "Shikamoo." Mama yangu mzazi, aniamkie mimi! Wageni walidhani ananikejeli. Mimi nilijua si kejeli, na bado nikajiambia ni mazoea ya shida, yatamtoka.

Hayakumtoka. Ukili wake ulianza kwenda upande. Mwaa mmoja ukiruka zamu yake, unaofuata unaufuata huohuo, na mpaka mwisho wa pima mkeka mzima umepinda. Zamani angeufumua. Sasa aliendelea tu, anatabasamu. Tulisomesha visomo, tukapunga mashetani, tukaambiwa wanataka kitambaa chekundu, tukawapa. Mwisho alinishika mkono, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, kisha akaniambia kwa huruma, "Rudi kwenu, binti, hapa wanakuja kusaka." Alikufa hajui kwamba msako umekwisha miaka mingi.

Binti yangu ni daktari sasa, huko Muheza. Ni yeye aliyenieleza, tena kwa kunionyesha kipande cha ukili cha bibi yake. Ndani ya ubongo kuna protini, akasema, nazo ni kama nyuzi ambazo lazima zijikunje kwa umbo lake ndipo zifanye kazi. Mara nyingine moja inajikunja vibaya. Hiyo inazivuta zilizo nzima zijikunje vibaya kama yenyewe, zinagandana, zinakuwa mabonge, na chembe za ubongo zinakufa pole pole, miaka mingi kabla ya mtu wa nje kuona kitu.

"Miaka mingi?" nikamuuliza.

"Mingi, mama."

Kwa hiyo tulipokuwa tukicheka, ugonjwa ulikuwa kazini. Nikamuuliza kama unarithiwa. Akasema mara nyingi si moja kwa moja, na kwamba umri ndio hatari kubwa. Alidhani ananipoza. Mimi nilikuwa nahesabu umri wangu. Tangu siku hiyo nikaanza kusuka asubuhi, na tangu siku hiyo jina la jirani likinipotea mdomoni jasho linanitoka.

Ijumaa iliyopita binti yangu alikuja kunitazama. Ninaishi peke yangu, na ufunguo ninao mimi tu. Akaingia jikoni kuosha mchele, mimi niko uani naanika nguo. Nikasikia maji yamenyamaza. Nilipoingia, alikuwa amesimama na sufuria mkononi, povu limejaa hadi ukingoni. Katikati ya povu kilielea kipande cha sabuni, kimekatwa kwa kisu, vizuri kabisa.

"Mama, nani ameiweka?"

"Mimi," nikadakia, ingawa sikukumbuka kukikata. "Kusudi. Namkumbuka bibi yako." Nikacheka, ili na yeye acheke. Nilitamani sana acheke, kama tulivyomcheka mama.

Hakucheka. Aliitua sufuria chini, akafuta mikono, akaenda chumbani kwangu. Alirudi na miaa, akanikalisha kwenye kigoda na kuniwekea mapajani.

"Suka, mama," akasema. "Hebu nione."

Nikaishika ile miaa, nikasubiri vidole vianze.