Kidole Chochote Chenye Alama

Shangazi yangu ni dobi, na sabuni imemla alama zote za vidole. Siku aliyokwenda kutibiwa goti, mashine ya bima pale mapokezi ilikataa kumtambua. Alijaribu kidole hiki na kile, akavifuta kwenye gauni, wapi!

“Mama, mashine inasema hupo,” karani akamwambia.

“Mwanangu, ningekuwa sipo, goti lingeniuma?”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani akampigia simu mkubwa wake, naye akasema asajiliwe upya kwa kidole chochote chenye alama.

Shangazi hakungoja kurudiwa. Alivua kiatu, akapandisha mguu mezani huku akigumia kwa maumivu, na mashine ikamkubali papo hapo. Siku hizi anatembea vizuri, ila haendi kliniki kabla ya kusugua miguu.