Kitanda cha Jennifer Kule Malta

Jennifer hakufukuzwa na mkwe wake. Naanza na hilo kwa sababu maneno yaliyotoka kwenye ibada ya nyumbani kule Edmonton sasa yamevuka London nzima hadi Lewisham, na njiani yamenenepa: kwamba Eddie alimtoa mama mkwe nje na sanduku lake, na kwamba wifi yangu alilala na vijana walevi. Mimi nilikuwapo. Marehemu mume wangu, Harrison, alikuwa kaka yake Jennifer. Jina linaloburutwa ni lake pia, na yeye hawezi tena kujitetea.

Jennifer alikuja London kutoka Vihiga akitarajia kazi ya ofisi, akaishia kutunza wazee. Kwa miaka mingi amepanda basi la alfajiri kwenda kuwaosha, kuwavisha na kuwalisha watu ambao watoto wao huonekana Krismasi. Bintiye, Bridget, alimlea peke yake. Likizo zake zote zilikuwa mazishi nyumbani. Kwa hiyo alipotimiza miaka sitini, Bridget na mumewe Eddie walimwambia, "Mum, safari hii unakwenda baharini, na hakuna aliyekufa." Nami nikaalikwa nimsindikize.

Eddie anafanya kazi ghalani, Bridget bado anasoma. Hoteli za ufukweni kule Malta mwezi wa Agosti ni za watu wengine. Bridget alihangaika na simu yake hadi akapata mahali pa kukodi huko huko Malta, Bugibba. "Panatosha watu wanne," alisema, "na ni rahisi ajabu." Jennifer aliuliza kama kuna jiko na kama kanisa liko karibu. Hakuuliza kama kuna kuta. Nani angeuliza? Kwetu mama mkwe na mkwe hata mkono hawapeani, sembuse kulala pamoja. Ni jambo lisilosemwa kwa kuwa halihitaji kusemwa. Lakini Bridget amezaliwa hapa, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Tulipofungua mlango, kilikuwa chumba kimoja. Kitanda kikubwa, vitanda viwili vidogo, jiko kwenye kona, na bafu lenye mlango wa kioo. Jennifer alisimama kizingitini, mguu haukuingia. Eddie, aliyelelewa na nyanya yake Kakamega, aliona mara moja. Aliweka mizigo chini, akatoka na kusimama barabarani akiwa ametupa mgongo.

"Chumba kingine kiko wapi?" Jennifer akauliza.

"Ni hiki tu, Mum." Bridget hujibu kwa Kiingereza, mimi nayaandika maneno yake kwa lugha yetu. "Tutatundika shuka katikati."

"Shuka?"

"Kila siku unaogesha wazee wa kiume. Uchi! Leo unamwogopa Eddie ndani ya pajama?"

"Wale ni kazi. Huyu amekuoa."

"Anti, ongea naye."

"Mama yako amekwisha sema," nikamjibu.

Mwenye nyumba alisema kwenye simu kwamba jengo zima limejaa, kwani ilikuwa juma la sikukuu ya kijiji. Basi tukaanza kutembea kutafuta. Eddie alitangulia mbali na masanduku yote, sisi tukamfuata.

"Tunaonekana kama tumeibiwa na tunamkimbiza mwizi," Bridget akasema.

Kila mlango tuliobisha walitikisa kichwa kabla hatujamaliza salamu. Palipokuwa na nafasi, bei ilimfanya Jennifer ageuke na kurudi barabarani. Jua lilikuwa linashuka, miguu yake imevimba juu ya viatu. Karibu na kituo cha basi akaketi kwenye benchi.

"Mimi nitakaa hapa mpaka kuche," akasema.

Ndipo hofu iliponishika barabara. Nilijua hatanii. Angekaa pale, Bridget angelia, na mwishowe tungemrudisha kwenye kile chumba kwa kumchosha. Baada ya hapo yeye na Eddie wangekutanaje? Ndoa ilikuwa bado changa. Heshima kati yao ndiyo iliyokuwa ikiishikilia, na watu wa upande wa Eddie wangepata la kusema hadi wajukuu.

Eddie akasogea, akasimama kando yangu. "Anti, mwambie Mama mlale ndani nyinyi watatu. Mimi nitalala ufukweni."

Jennifer alikuwa hatua chache tu, lakini naye alinigeukia mimi. "Mwambie asante. Chumba amekikodi yeye, ni nyumba yake. Akitoka yeye nikaingia mimi, nitakuwa nimemfukuza mtoto wa watu kitandani mwake."

"Jamani, mnasikiana!" Bridget akafoka. Kisha akamtazama mama yake, akatazama ile miguu. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba si kiburi. Akachukua simu akaanza upya.

Alichopata ni hosteli ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Bweni la wasichana, vitanda vya ghorofa, vimebaki kimoja cha juu na kimoja cha chini.

"Mama, hapa ni pa vijana," kijana wa mapokezi akasema.

"Sikuja kuolewa," Jennifer akajibu. "Nimekuja kulala."

Bridget na Eddie wakarudi kwenye chumba chao, nami nikapanda cha juu. Wasichana wa bweni walimpenda papo hapo, wakampiga picha akiwa ameketi kitandani, miguu ndani ya beseni la maji, na wao wameshika chupa zao za bia. Bridget aliituma picha hiyo kwa nia njema. Ndiyo hiyo mnayoisambaza.

Asubuhi Eddie alikuja na mkate na chai kwenye chupa. Alisimama nje ya mlango, Jennifer akasimama ndani, mlango nusu wazi katikati yao. Kwa mara ya kwanza hawakupitia kwangu. Eddie alizungumza akiwa ameinamisha macho, na si maneno machache. Jennifer alimjibu, akaipokea chai kwa mikono miwili.

Nilisikia kila kitu. Mmeniuliza kanisani, mmenipigia simu, mkamtuma mwenzenu Anne-Marie na keki. Keki niliipokea. Walichoambiana ni chao, na mimi sisemi.