Gunia la Viazi na Kirusi Changu

Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kwenye miteremko ya Meru mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya baba. Watu husema anairithi. Mimi naona nyumba ndiyo inayomrithi yeye.

Jumamosi ile nilipanda nyumbani kutoka Levolosi, mjini, nilikopanga chumba, nikiwa nimekubaliwa kwenda Morogoro kusomea virusi vinavyoshambulia bakteria. Barua ilikuwa kwenye simu. Nilitakiwa nimwambie baba siku hiyohiyo, maana kesho yake baada ya ibada wazee wa ukoo wangekuja kunionyesha mipaka ya shamba, na mbele ya wazee husemi hapana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Shika gunia."

Nikashika. Mnunuzi kutoka soko la Maji ya Chai alitaka lumbesa, gunia lililojazwa viazi kupita kipimo mpaka linaota kichwa. Baba alishindilia kwa goti, akapumzika, akashindilia tena. Nikaona pa kuanzia.

"Baba, kuna kirusi hufunga mzigo hivihivi. Ganda hujengwa kwanza, tupu. Kwenye tundu lake moja kuna kitu kama mashine, kinasukumia ndani uzi wa vinasaba, mrefu kuliko ganda mara nyingi sana. Kinasukuma mpaka panajaa pomoni."

"Na ganda halipasuki?"

"Halipasuki. Mashine ikimaliza inaondoka, tundu linazibwa."

Akaongeza viazi vitatu. "Hicho kirusi ni Mmeru."

Nilicheka, na nilimkasirikia kwa kunichekesha.

"Sasa huo uzi unatokaje?" akauliza, akihangaika kutunga kamba kwenye sindano ya gunia.

Nafasi ndiyo hiyo. Ningemwambia kwamba kirusi kikikutana na bakteria wake tundu hufunguka, na kule kubanwa kwenyewe ndiko kunakousukuma uzi utoke. Halafu ningetaja Morogoro. Lakini vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na alikosa tundu la sindano mara ya tatu akijifanya anaangalia mawingu. Sikuwahi kumwona hivyo. Nikamchukulia sindano, nikatunga kamba, nikaanza kushona mdomo wa gunia mwenyewe.

"Hautoki, baba," nikasema.

Wazee walifika kesho yake saa nane, kama walivyoahidi.